Hajasafiri, Alikwenda Nyumbani Tu

Waandaaji wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike habari za safari. Nadhani wamenichagua mimi kwa sababu mizani ya kupimia mizigo iko ukumbini mwa nyumba yangu. Tangu miaka ya themanini, kila mtu wa jamaa zetu wa Lozells, Handsworth na Aston anayekwenda Tanga, Mombasa, Unguja au Kampala hupita kwangu kupima masanduku, na wakati sindano ya mizani inatikisika mimi husikia mengi. Husikia nani kanunua tikiti jana, nani kakopa nauli, nani hajui pasi ya mtoto imekwisha lini. Basi nimeona niseme wazi ninayoyafikiri, na atakayechukia anisamehe, kwa maana ninamsema mwenzangu huku nikijisema mwenyewe.

Maoni yangu ni haya. Sisi ni wasafiri wabaya. Si kwamba hatuna akili wala kwamba hatuna fedha, bali ni kwamba hatukubali kuwa tunasafiri. Mwalimu mmoja wa shule ya mjukuu wangu alikwenda Serengeti kwa siku 8. Alianza kujitayarisha mwaka mmoja kabla: chanjo, bima, dawa, darubini, viatu, nakala za karatasi zake zote katika bahasha. Sisi tunaokwenda kwa wiki 6 na watoto 4 hujitayarisha kwa kununua zawadi Soho Road. Tukiulizwa, husema: “Aa, mimi nakwenda kwetu, nijitayarishe nini?” Waingereza walichukua neno letu safari, wakalifanya lao, nalo kwao ni kwenda kutazama simba. Pamoja na neno wakachukua na matayarisho. Sisi wenye neno tumebaki na masanduku.

Wazee wetu walisema, msafiri maskini ajapokuwa sultani. Hawakusema isipokuwa anayekwenda kwao.

Naomba nieleze kilichonifanya niwaze hivi. Mwaka 2016 mwanangu wa kwanza, aliyezaliwa hapa Birmingham, alikwenda Tanga na mkewe na watoto kuanzia mwishoni mwa Julai. Mkewe alitaka wote wanywe dawa za kinga ya malaria. Akapiga hesabu ya bei kwa watu wanne, akaniuliza mimi mama mkwe. Nikamjibu kwa maneno haya, na ninayaandika hapa kama yalivyotoka kinywani mwangu: “Mwanangu, damu yetu ni ya Pwani. Malaria kwetu ni kama mafua. Wape watoto, mume wako muache.” Watoto wakapewa, mkwe akanywa, mwanangu hakunywa.

Wakarudi salama mwishoni mwa Agosti. Siku ya 12 baada ya kurudi, mwanangu akaanza kutetemeka. Nilimpa chai ya tangawizi na vidonge vya kushusha homa, nikamfunika blanketi, nikasema ni baridi ya Birmingham imempiga baada ya jua la nyumbani. Siku ya tatu akawa anazungumza maneno yasiyoeleweka. Tukaita gari la wagonjwa. Hospitalini muuguzi akaniuliza: “Amesafiri nje ya nchi hivi karibuni?” Nikamjibu: “Hapana, hajasafiri. Alikwenda nyumbani tu.”

Muuguzi yule aliinua kichwa akaniuliza tena: “Nyumbani wapi?”

Mungu amlipe kheri kwa swali lile la pili. Damu ikapimwa mara ile ile, ikaonekana malaria imejaa. Mwanangu alilala siku 9 katika chumba cha wagonjwa mahututi, figo zake zikisaidiwa na mashine. Alipona, na leo ndiye anayenipeleka sokoni. Lakini lile jibu langu bado linaniamsha usiku.

Ndipo nilipokwenda kuuliza na kujifunza, na nawapa nilichokipata. Mtu anayeishi mahali penye malaria huumwa na mbu mara kwa mara, na mwili wake hujenga kinga ya nusu. Kinga hiyo haimzuii kuugua, humzuia aghalabu asiugue sana. Akihama, kinga hiyo hupungua mwaka hadi mwaka. Mtoto aliyezaliwa hapa hakuwa nayo tangu mwanzo. Damu ya Pwani haina siri nyingine zaidi ya hiyo. Kwa sababu hiyo wengi wa wanaougua malaria hapa Uingereza si watalii wa Kizungu, bali ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwaona jamaa zao na kurudi. Yaani ni sisi.

Basi shikeni haya. Nendeni kwa daktari au duka la dawa wiki 6 hadi 8 kabla ya safari. Mwambieni mnakwenda wapi na wapi, kwa maana Tanga si Nairobi, na Unguja, ambako malaria imepunguzwa sana, si sawa na Kisumu. Malarone huanzwa siku 1 au 2 kabla ya kufika, na huendelezwa siku 7 baada ya kuondoka. Doksisaiklini huanzwa vivyo hivyo, lakini huendelezwa wiki 4 baada ya kuondoka, nayo haipewi mtoto wa chini ya miaka 12. Wengi hukosea hapa mwishoni: wakishatua Birmingham huona safari imekwisha, wakaacha vidonge mezani. Hapa England dawa hizi aghalabu hulipiwa kwa mfuko wa mtu mwenyewe. Zitieni katika hesabu ya nauli tangu mwanzo, zisije zikabaki kuwa kitu cha kukatwa fedha zikipungua. Mwarobaini tunauheshimu, lakini si kinga ya malaria. Chandarua ni lazima hata kwa dada ambaye amelala miaka 30 bila chandarua. Mjamzito na mwenye selimundu wasiondoke kabla ya kuzungumza na daktari. Na mtu akipata homa ndani ya mwaka mmoja baada ya kurudi, aende akapimwe siku ile ile, na neno la kwanza kutoka kinywani mwake liwe: “Nilisafiri. Nilikuwa Afrika.”

Sasa nije kwenye tarehe, maana hapo ndipo mpango unapoanzia. Wengi wetu tunafungwa na likizo ya shule ya wiki 6, mwishoni mwa Julai hadi mwanzo wa Septemba. Tukimtoa mtoto shuleni siku 5 kabla ili tupate tikiti rahisi, tangu Agosti 2024 faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, ikilipwa ndani ya siku 21, na pauni 160 baada ya hapo. Baba, mama na watoto watatu, pigeni hesabu wenyewe. Urahisi wa tikiti umekwenda wapi?

Lakini kuna jambo jingine ambalo hatulisemi. Tanzania likizo ndefu za shule ni Juni na Desemba. Ukienda Agosti, watoto wako watakuta binamu zao wako darasani kutwa, na watakaa barazani na simu mkononi, kisha utasema hawapendi kwao. Kenya mwezi wa Agosti huwa na likizo, hivyo wa Mombasa wana nafuu. Wa Tanga na Dar es Salaam ulizeni kwanza tarehe za shule kabla ya kununua tikiti, au jaribuni Krismasi. Msisahau masika, kuanzia Machi hadi Mei, ambapo barabara nyingi za udongo hazipitiki. Tazameni pia Ramadhani inaangukia wapi. Kufunga na ndugu ni jambo zuri, lakini si mwezi wa kuzunguka na watoto wadogo kutafuta chakula cha mchana njiani.

Kutoka Birmingham hakuna ndege ya moja kwa moja hadi kwetu. Utapita Dubai, Istanbul, Amsterdam au kwingineko. Tazama saa za kungoja, usitazame bei tu. Ukipitia nchi yenye homa ya manjano, Ethiopia kwa mfano, ukakaa uwanjani zaidi ya saa 12, Tanzania itakudai kadi ya chanjo. Vivyo hivyo ukianzia kwa shangazi Nairobi au Kampala kisha ukavuka kwenda Tanga au Unguja. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 chanjo hiyo moja hutosha kwa maisha yote. Ile kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 msiitupe, bado ni halali.

Upande wa karatasi, pasi ya mtoto wa Kiingereza ni ya miaka 5, si 10. Nimeona familia nzima ikishusha masanduku kutoka kwenye mizani yangu kwa sababu hiyo. Kila pasi iwe na miezi 6 au zaidi mbele yake. Mama anayesafiri na watoto peke yake achukue barua ya idhini ya baba, na baba vivyo hivyo. Mwenye pasi ya Uingereza anahitaji viza ya Tanzania, dola 50, nayo huombwa kwa intaneti. Kenya iliondoa viza Januari 2024, lakini mahali pake ikaweka idhini ya kielektroniki ambayo nayo huombwa na kulipiwa kabla ya kupanda ndege. Zanzibar, tangu 1 Oktoba 2024, humtaka kila mgeni kutoka nje ya nchi awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama tayari ana bima aliyoinunua huku. Hakikisheni mnaomba katika kurasa za serikali zenyewe. Ziko nyingine zenye sura ile ile, zinazochukua fedha mara mbili. Na kwa kuwa ada hizi hubadilika, zitazameni tena mwezi mmoja kabla ya kuondoka.

Wenzetu wa Kenya wameruhusiwa uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010, na Uganda tangu 2009. Sisi wa Tanzania, mtu mzima akichukua pasi ya Uingereza, mbele ya dirisha la uhamiaji ni mgeni, hata kama kitovu chake kimezikwa Chumbageni. Inauma. Mara ya kwanza niliposimama katika mstari wa wageni uwanja wa Dar es Salaam nililia. Afisa akadhani nimeibiwa.

Kuhusu mizigo nitasema machache, ingawa mizani ni yangu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania bara tangu Juni 2019. Zile zawadi tunazozifunga mifuko ya dukani moja juu ya nyingine, zifungeni kwa kanga au mifuko ya nguo. Noti za dola zilizochapwa kabla ya 2006 aghalabu hukataliwa, kwa hiyo msikubali kupewa noti chakavu mnapobadilisha. Na vijana, acheni hapa suruali zenye madoadoa ya kijeshi. Huku ni fasheni, kule ni kesi.

Fedha ndiyo mashaka yetu makubwa. Jirani zangu Wajamaika wa hapa Lozells wana busara moja: hujaza pipa taratibu mwaka mzima, wakalipeleka kwa meli, nao wakasafiri na mkoba mmoja. Sisi hubeba pipa lote mgongoni siku ya safari, tukalipia uzito wa ziada uwanjani, kisha tukafika hatuna kitu. Nashauri bahasha tatu. Ya kwanza ni ya njia: tikiti, viza, bima, dawa, chanjo. Ya pili ni ya jamaa: zawadi moja kwa kila nyumba, si kwa kila kichwa, na fedha ya jiko kwa mwenye nyumba, apewe siku ya kwanza bila watu kuona. Kumbukeni kwamba mkifika watu 6 katika nyumba ya dada, ndiye anayenunua mkaa, maji na umeme wa LUKU, na hatasema. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi hukaa siku 40 na jembe hatuligusi. Bahasha ya tatu ni ya kutembea, na hii ndiyo tunayoisahau kabisa.

Nasikia baadhi yenu mkisema kwamba kwenda kutazama wanyama ni mambo ya Wazungu. Nilisema hivyo nami. Tembo wa kwanza niliyemwona maishani mwangu nilimwona Dudley, katika bustani ya wanyama, miaka ya themanini, nikiwa na mwanangu begani. Mimi niliyezaliwa Tanganyika! Miaka mingi baadaye mjukuu wangu alichora tembo shuleni, mwalimu akaniomba nije niwasimulie watoto habari za tembo wa kwetu. Nilikwenda nikawasimulia hadithi ya sungura. Sikuwa na la kusema juu ya tembo.

Basi mwaka 2019, mwanangu akiwa amepona kabisa, tulikwenda sote, na safari hii kila mtu alikunywa dawa yake mbele ya macho yangu. Tukiwa Tanga nilimwomba dada yangu mkubwa tufuatane hadi Tarangire. Akacheka, akasema, “Mimi? Nikafanye nini huko?” Dada yangu ameishi Tanga maisha yake yote. Hakuwahi kumwona tembo pia. Siku zote tembo walikuwa ndani ya nchi yake, na hakuna aliyemwambia kwamba naye anaweza kwenda.

Tuliondoka alfajiri kwa basi, Muheza, Segera, Korogwe, mashamba ya katani pande zote mbili, kisha milima ya Usambara na ya Pare mkono wa kulia hadi Moshi na Arusha. Dada alikuwa na miaka mingi hajafika Korogwe. Alikuwa akitaja vituo kama anayehesabu tasbihi. Tukalala Arusha, na asubuhi gari tulilolikodi likatuchukua. Getini karani alituomba vitambulisho. Dada akatoa chake cha taifa, akalipiwa shilingi elfu chache. Mimi nikatoa pasi yangu, nikalipishwa dola zaidi ya 50 pamoja na kodi. Dada akanitazama, akatazama risiti, akaniambia polepole: “Kumbe wewe ndiye mgeni, mdogo wangu. Karibu.”

Tulicheka mpaka dereva akatushangaa. Na katika kicheko kile mzigo wa miaka mingi ukanitoka. Mwezi wa Agosti ni kiangazi, na tembo wa Tarangire hukusanyika mtoni. Tuliona makundi kwa makundi chini ya mibuyu, mama na watoto, wakichimba mchanga kutafuta maji. Wajukuu walinyamaza kimya, jambo ambalo sijaliona Lozells. Dada alimshika mkono mjukuu wangu mkubwa akawa anamweleza kana kwamba anawajua wale tembo kwa majina. Leo mjukuu yule anampigia simu bibi yake wa Tanga kila Ijumaa, bila mimi kumkumbusha. Zawadi zote nilizobeba miaka 40 hazikufanya hivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa bahasha ya tatu ni huu. Siku 2 au 3 zinatosha, na mchukueni jamaa mmoja wa kule. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo sana, na mtoto wa chini ya miaka 5 halipi katika hifadhi za TANAPA. Msikimbilie majina makubwa tu. Maasai Mara ni nzuri, lakini mgeni mtu mzima hulipa dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba, yaani miezi ile ile ya likizo yetu. Wa Dar es Salaam wana Mikumi, hifadhi tangu 1964. Tangu 2024 treni mpya ya umeme inafika Morogoro, na kutoka hapo ni mwendo wa gari tu. Wa Mombasa wana vilima vya Shimba karibu na Kwale, na treni ya Nairobi iliyoanza 2017 inakata katikati ya Tsavo, kaeni dirishani. Nairobi yenyewe ina hifadhi ya tangu 1946, ambapo twiga husimama na majumba ya mji nyuma yake. Wa Kampala wana Ziwa Mburo kwenye njia ya Mbarara, na wa Unguja wana kima punju wa Jozani, asubuhi moja tu.

Kodini gari kwa mtu mwenye leseni ya kazi hiyo na bima ya abiria. Msilichukue gari la binamu kwa sababu ni binamu: likiharibika katikati ya pori mtapoteza siku na undugu pamoja. Pateni bei yote kwa maandishi, ikitaja kiingilio, mafuta, malazi na chakula cha dereva. Malango mengi hayapokei fedha taslimu, hivyo ulizeni mapema mtalipaje. Msisafiri usiku. Vaeni nguo za rangi ya udongo. Rangi ya buluu na nyeusi huwavuta mbung'o, na aliyeumwa na mbung'o mara moja hahitaji kuambiwa tena. Mkipanda ndege ndogo za porini, mzigo aghalabu ni kilo 15 katika mfuko laini. Masanduku yenu makubwa yaacheni kwa dada.

Najua lipo neno mtakaloniambia, na kaka mmoja wa hapa Lozells amekwisha kuniambia usoni. Alisema: “Bibi, unatufundisha kuwa watalii katika nchi yetu wenyewe. Ukianza kulipa dola getini na kulala chini ya chandarua na kubeba bima, umekwisha kujitoa.” Namheshimu, na ninajua uchungu anaousema. Nimeishi hapa tangu 1979. Niliuona moto wa Septemba 1985 katika Lozells Road, na usiku ule nilisema nitarudi kwetu kesho. Sikurudi. Wengi wetu hatukurudi. Tulijenga maisha hapa, tumezika hapa, na kila mwaka tuliokaa umeutoa mwili wetu na karatasi zetu kidogo kidogo kutoka kule. Mbu hajui kitovu chako kimezikwa wapi. Karani wa getini anakijua kitambulisho tu. Hao wawili hawana ubaya nasi, wanatwambia ukweli.

Lakini kumwita mtu mgeni kwetu si kumtukana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hupokelewa, huulizwa habari za njia, huandaliwa mahali. Na mgeni mwema hubisha hodi, hutaja siku atakayofika, hubeba dawa yake, hamlemei mwenyeji wake, na huaga vizuri. Anayejidai mwenyeji ndiye anayeingia bila hodi, akaugua mikononi mwa ndugu zake au akarudi kuugulia kwa watoto wake, akimaliza akiba ya nyumba mbili. Ningependa watoto wetu wafike kule wakiwa wageni wema, wapate kupendwa, kuliko wafike wakiwa wenyeji wa uongo.

Mizani yangu bado iko ukumbini, na aliye na safari mwakani aje tu, chai ipo. Lakini nimeongeza jambo. Kabla sanduku halijapanda juu ya ndoano, nitakuomba unioneshe dawa zako za malaria na pasi za watoto. Asiyekuwa nazo simpimii. Na ukirudi, ukapatwa na homa, nami nikakupigia kukuuliza hali, usije ukanijibu nililojibu mimi.